Kiti cha Mzee Mwambeta

Sogeeni, na makofi msinipigie. Leo nataka hukumu.

Mzee Mwambeta alikuwa na zaidi ya nusu ya hisa za kiwanda cha sabuni, na watoto watatu. Tuntufye, muuguzi, alijua kumshikilia mgonjwa asiondoke. Lusajo, dalali wa hisa, alijua kuteremsha bei kwa mnong'ono. Ambakisye, mwanasheria, alijua kubishana mpaka mwenye haki aombe radhi.

Katika nchi yao, mtu akifa serikali huchukua theluthi ya thamani ya mali yake, kwa bei ya siku aliyokata roho. Mzee akaugua hisa zikiwa juu. Angekufa wiki ile, kiwanda kingeuzwa kulipia kodi. Akausia: "Atakayekiokoa kiwanda ndiye atakayekalia kiti changu."

Tuntufye akamfungia baba mashine ya kupumulia. Maumivu yakamzidi mzee, akawa anamsihi kila asubuhi.

"Mwanangu, niache niende."

"Bado, baba. Bei haijashuka."

Lusajo akauza hisa zake mwenyewe kwa hasara, akapenyeza uvumi kwamba mitambo imeoza. Akina mama wanaofungasha sabuni kiwandani, waliokuwa wameweka akiba zao kwenye hisa hizo, wakaogopa wakauza kwa bei ya kutupa. Bei ilipogusa chini akampigia dada yake simu. "Sasa." Tuntufye akazima mashine.

Ambakisye akaenda kwa mthamini wa kodi, akamkuta anazidisha bei ya hisa moja kwa hisa zote za marehemu.

"Mzee wangu, gunia moja la vitunguu litapata bei ya soko. Shusha malori hamsini asubuhi moja, nani atakulipa bei hiyo?"

Mthamini akakuna kichwa, akapunguza robo ya thamani. Kodi ikalipika, kiwanda kikabaki.

Matanga hayajaanuliwa, ugomvi ukaanza.

"Nisingemshikilia, angekufa bei ikiwa juu," alisema Tuntufye.

"Ungemshikilia mpaka leo kama si mimi," alisema Lusajo.

"Na kodi ya hata bei hiyo ya chini ingewashinda kulipa," alisema Ambakisye.

Mama yao alikuwa akiitazama ile mashine.

Wote watatu wamesema kweli, na hilo ndilo linalonichefua. Lakini msikurupuke kujibu. Atakayekalia kiti naye ataugua siku moja, na watakaokaa kando ya kitanda chake ni wale wawili waliokikosa.

Haya, mnampa nani?