Mama Aliyepanga Foleni

Wapendwa, leo twendeni pamoja kwenye mji mmoja mdogo wa milimani. Msihangaike kuutafuta, nimeutunga mwenyewe. Pembeni mwa soko la mji huo palikuwa na jengo la mawe, bati limeshika kutu, madirisha yamezibwa kwa mbao. Wafanyabiashara walihifadhi magunia humo, na watu wote waliliita ghala.

Katika mji huo watu kama ishirini waliunda chama cha historia. Hawakuwa watu wakubwa: walimu wastaafu, nesi mmoja, fundi seremala. Kazi yao ilikuwa nzuri, na mtu asidhani nawacheka. Walifyeka makaburi ya zamani mpaka majina yakasomeka tena. Waliokoa picha zilizokuwa zinaliwa na mchwa. Waliwapeleka wanafunzi juu mlimani kuona mfereji wa maji wa zamani ulianzia wapi na ulichimbwaje. Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi walifungua ukumbi wa kata, wakaandaa chai na maandazi, wakawaita wazee waje kusimulia ya zamani. Kila mzee alikaa mbele ya meza, akaulizwa, akasikilizwa mpaka mwisho, na maneno yake yakaandikwa.

Aliyeandika alikuwa katibu wa chama, mwalimu mstaafu. Mtu wa bidii huyu. Akisikia kuna kikongwe kijiji cha mbali anayekumbuka jambo, kesho yake yuko njiani na daftari kwapani.

Basi halmashauri ikaamua kubomoa lile jengo ili kupanua stendi. Chama kikapinga. Wakubwa wakawajibu kwa heshima kabisa: tuambieni nani alilijenga na kwa kazi gani, tuleteeni mashahidi wawili kwenye kikao cha Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Mkishindwa, tunabomoa.

Katibu akaingia kazini. Alipekua vitabu vya kanisa. Alisafiri hadi mkoani, akakaa siku mbili kwenye nyaraka, akapata mstari mmoja tu unaosema jengo lilikuwa ghala la kahawa. Akawauliza wazee kumi na saba, wote wanaume, maana aliamini habari za ujenzi ni za wanaume. Hakuna aliyejua.

Sasa, mwalimu huyu alikuwa akiishi na mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na minne, katika chumba kilicho karibu na jiko. Alimtunza vizuri. Dawa zake hazikukosekana, blanketi lake lilikuwa zito. Lakini kila mama alipoanza kusema, wakati wa chakula, kwamba lile jengo la sokoni yeye anajua habari zake, mwanawe alimwambia amechoka, wataongea kesho. Kesho ilipofika alikuwa na kikao. Mnaifahamu kesho ya namna hiyo? Ninyi mmewaahidi watu kesho ngapi mwaka huu?

Ikafika Jumamosi ya mwisho, siku nne kabla ya kikao cha halmashauri. Ukumbi ulijaa. Katibu alikuwa ameinamia daftari, anaandika bila kunyanyua kichwa. Alimaliza na mzee mmoja, akamkaribisha anayefuata, akasikia kiti kikivutwa.

"Jina lako kamili?" akauliza.

Akatajiwa jina. Mkono wake ukasimama. Lilikuwa jina la mama yake. Akanyanyua kichwa, akamwona amekaa na kitenge chake cha kanisani, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amepanga foleni tangu saa mbili asubuhi, nyuma ya watu tisa.

"Mama, mbona hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani huwa una haraka, mwanangu. Watu wameniambia kwamba hapa mnasikiliza."

Ndugu zangu, hakumsema kwa hasira. Laiti angemsema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini amepita njia ndefu, kwa sababu ile fupi imefungwa.

Kisha akasimulia. Mwaka mmoja wa ujana wake njia ya kwenda hospitali ya misheni ilikatwa na maporomoko, na kina mama watatu walifia njiani wakiwa na uchungu wa kuzaa. Ndipo wanawake kumi na mmoja wakaamua kujenga nyumba ya kujifungulia hapo hapo mjini. Walibeba mawe kutoka mtoni kwa vichwa vyao, msimu mzima. Akawataja mmoja mmoja, Namkunda, Naelijwa, na wengine wote, bila kukosea. Nyumba ilifanya kazi miaka mitano. Barabara ilipotengenezwa, wanaume wakaifanya ghala la kahawa, na hakuna aliyeandika kilichokuwepo kabla.

Katibu akasema kwa sauti ya chini kwamba wanatakiwa mashahidi wawili.

"Nakijwa, tuliyebeba naye mawe, yupo," mama akajibu. "Anauza ndizi pale pale ukutani pa lile jengo. Mnampita kila siku."

Akamtazama mwanawe.

"Na wewe ulizaliwa humo. Chumba cha kushoto ukiingia. Nilikuwa nangoja uniulize."

Mwalimu yule aliyeandika maisha ya watu mia mbili aliweka kalamu mezani, akalia mbele ya kamati yake. Jumatano mabibi wawili walisimama mbele ya halmashauri na kusema waliyoyajua, na jengo halikubomolewa. Leo majina kumi na moja yamechongwa juu ya mlango. Chama kilishinda, nasi tunafurahi nacho.

Lakini mimi sikuja hapa kuzungumza juu ya chama. Nimekuja kuzungumza juu yetu. Sisi tunaopanda magari kwenda kusikiliza mhubiri mgeni mkoa mwingine. Sisi tunaokesha kwa ajili ya mataifa ya mbali tusiyojua hata yalipo. Sisi tunaojua ukoo wa mababa wa imani kizazi baada ya kizazi, tukiulizwa bibi yetu alibatizwa wapi, tunatazamana. Tunawatunza watu wetu kwa chakula na dawa, na tunadhani tumemaliza. Nani amewauliza walimwonaje Mungu walipokuwa na umri wetu? Mnadhani Mungu wakati wote huo alikuwa amekaa kimya, akingoja sisi tuzaliwe?

Hili tunaliweza. Halihitaji kamati wala ukumbi. Ndiyo maana leo nimefupisha mahubiri kwa makusudi. Robo saa iliyobaki nampa yule uliyemwacha nyumbani. Ukifika, usiwashe redio. Kaa karibu naye, uliza swali moja tu, kisha nyamaza.