Pete ya Dhahabu Iliyosogezwa

Kulikuwa na fundi mmoja, wapendwa. Msifikirie fundi wa paa. Huyu alisoma mpaka akavaa miwani, na kazi yake ilikuwa kubuni mirija ya hospitali.

Mshipa wa mguu ukiziba, mnajua kinachofuata? Mguu unapoa, kidole kinakuwa cheusi, halafu inaanza habari ya kukatwa. Siku hizi daktari anaweza kupitisha mrija mwembamba kama tambi kwenye kinena, akausukuma ndani ya mshipa mpaka penye kizibo. Kwenye ncha yake kuna kijibomba cha wavu wa chuma kilichobanwa, wanakiita stenti. Daktari akivuta ganda la mrija, stenti inafunguka, mshipa unapanuka, damu inapita. Lakini mle ndani haoni kwa macho yake. Anatazama skrini ya eksirei, na kwenye mrija kuna pete ndogo ya dhahabu inayomwonyesha stenti itakapokaa. Anaiamini hiyo.

Sasa mrija wa fundi wetu ulikuwa na ugonjwa. Ganda likivutwa, stenti inaruka mbele milimita nne, inapita mahali pake. Alihangaika nao miezi minane. Wakubwa wakasema Ijumaa tunakuja kuona jaribio. Alhamisi fundi alifanya nini? Hakuzuia stenti isiruke. Aliisogeza pete mbele milimita nne.

Dada aliyekuwa akipima vifaa akamwangalia.

"Bosi, hii bado inaruka. Umehamisha alama tu."

"Kwenye jaribio inatua wapi?"

"Penye alama. Lakini bomba letu la majaribio limenyooka kama rula. Mshipa wa mtu umepinda, humo inaweza kuruka zaidi, au isiruke kabisa."

"Nimekuuliza inatua wapi."

"Penye alama, bosi."

"Basi andika imefaulu."

Naye akaandika. Ijumaa watu wakapiga makofi, wakala sambusa, na mrija ukaenda hospitali.

Mwaka haukwisha. Siku moja daktari akapanda ngazi za ofisi ya fundi, amebeba boksi la mirija ile ile. Fundi akaliona. Akajua yamemfika.

Daktari akaliweka boksi mezani taratibu. "Kaka, nimekuja kuwarudishia hivi vifaa mwenyewe, msije mkasikia maneno ya watu. Kuna mama mmoja, fundi cherehani, cherehani yake ni ya kukanyaga. Nilimwekea stenti mguuni. Pete ilikaa vizuri kabisa, niliiona kwa macho yangu, lakini stenti ikakaa pembeni ya kizibo. Mguu tumeukata. Na si yeye wa kwanza kuharibika mikononi mwangu."

Fundi akalivuta boksi upande wake.

"Kifaa chenu hakina tatizo," daktari akasema. "Karatasi zenu nimezisoma, kimefaulu. Ni mkono wangu. Nafikiri umeanza kutetemeka. Yule mama nimemwomba radhi, na kazi hii nimeiacha. Nawaomba radhi na nyinyi, nimewaharibia jina."

Wapendwa, hapo ndipo mahali pa kusema. Mlango umefunguliwa, neno lenyewe ni fupi. Mnajua alijibu nini?

"Usijali, daktari. Sisi wote ni binadamu. Tumekusamehe."

Amemsamehe! Mwenye kosa amemsamehe asiye na kosa. Na daktari akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru.

Naona mnatikisa vichwa. Msitikise haraka. Sisi tukishindwa kurekebisha kinachoruka ndani yetu, hatusogezi alama? Halafu mtu mwema anakuja kubeba lawama, nasi tunamtwisha, tena kwa sauti ya upole.

Nasema sisi, na sisi ni pamoja na huyu aliyevaa joho. Mnakumbuka yule mama wa kanisa letu aliyefia wodini mwezi wa nne? Aliomba chakula cha Bwana kabla hajafa, na hakukipata. Mzee Lyatuu, aliyetoka kumtembelea, aliniambia Jumatano, akanitajia wodi na kitanda. Nilimsikia vizuri. Nikasahau. Baada ya mazishi akanijia analia: "Mchungaji, nadhani sikukueleza vizuri. Uzee huu." Nami nikamwekea mkono begani, nikamwambia, "Usijali mzee, Mungu amekusamehe."

Tangu siku hiyo hajakwenda tena kutembelea wagonjwa. Anasema kichwa chake hakifai. Miaka ishirini aliifanya kazi ile, na ni mimi niliyeikata. Naona aibu, wapendwa. Wiki hizi zote nimesimama hapa nikiwaombea toba nyinyi.

Mfano wangu sina mwisho wa kuwapa. Fundi yuko kwenye dirisha la ofisi yake, daktari ameshashuka, anavuka uwanja kuelekea getini, na ngazi za kushuka zipo. Nisingependa kuwadanganya kwamba fundi alishuka kumfuata.

Wimbo usianze kwanza. Mzee Lyatuu, usisimame, kaa hapo hapo ulipo. Ninakuja mimi.