Mvumo wa Chini ya Sakafu

"Shimo halisomwi na mwalimu mmoja." Mwenyekiti wa kijiji aliwaambia hivyo fundi bomba na fundi mwashi waliokuwa wakibishana, akaenda zake. Vijana waliokuwa wakichimba mtaro wakacheka, wakamgeukia Mzee Sefue. Shimo gani hilo linalosomwa kama kitabu?

Mzee Sefue hakucheka. Aliegemeza jembe lake ukutani, akasema methali hii ilianza hivi, hukuhuku kwetu Upare, shule ya Kwamkindo ilipokuwa bado kule mteremkoni.

Palikuwa na mwalimu jina lake Nakijwa, aliyefundisha Kiswahili na kuongoza kwaya. Shule ilikuwa na walimu hodari, ila kila mmoja alijifungia ndani ya somo lake kama kobe ndani ya gamba. Mrutu wa Fizikia hakujua Kiangi wa Historia anafundisha nini, wala hakutaka kujua.

Mwaka ule masika yalinyesha bila kupumzika, ukungu ukashuka hadi madirishani. Ndipo sakafu ya kidato cha nne ilipoanza kuvuma. Ulikuwa mvumo mdogo, kama wa mtu aliyefumba mdomo akibembeleza mtoto, ukitokea kwenye ufa chini ya ubao. Ulikuja mchana, watoto wameinamia madaftari. Ulipokoma, kila mtu alijikuta amezuia pumzi.

Wanafunzi wakaenda kwa Mrutu. "Ni upepo tu," akasema, akauziba ufa kwa saruji. Juma lililofuata ukavuma chini ya madawati ya nyuma. Wakaenda kwa Kiangi. Yeye akawasimulia kwamba wazee wa zamani walichimba mfereji wa maji kupita ndani ya mlima ule, na baadhi ya wachimbaji hawakutoka. Hofu ikazidi. Msichana mmoja, Namsifu, akaapa kwamba amesikia akiitwa kwa jina, na tangu siku ile akawa anakaa mlangoni.

Nakijwa naye aliona jambo, akalinyamazia. Alipowapa wanakwaya sauti ya kuanzia, hawakuifuata. Walianza wote pamoja kwa sauti ya sakafu, bila kuambizana, na walipoulizwa hawakujua wamefanya nini. Na sauti ile ilikuwa ikishuka. Wimbo walioumudu mvua zilipoanza, sasa wasichana hawakuuweza tena, ulikuwa umezama chini ya koo zao. Jioni moja Nakijwa alijisikia mwenyewe akivuma jikoni kwake, mwiko mkononi, kwa sauti ileile. Nywele zikamsimama.

Kesho yake akaingia ofisi ya walimu, liwalo na liwe.

"Mwalimu Mrutu, kitu kinachovuma kikishusha sauti, maana yake nini?"

Mrutu akainua uso. "Kwani unashuka?"

"Kila wiki. Masikio yangu hayanidanganyi."

Mrutu alichukua chupa ya soda iliyokuwa na maji, akaipuliza mdomoni, ikalia. Akamwaga maji kidogo, akapuliza tena. Sauti ikashuka. Akamwaga tena. Ikashuka zaidi.

"Uwazi ukiongezeka, sauti inakwenda chini," akasema taratibu. "Lakini pale hakuna uwazi, dada. Ni udongo mtupu."

"Upo," akasema Kiangi kutoka pembeni. "Mfereji wa wazee. Unapita chini ya darasa lile hasa. Watoto nimewasimulia."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Wakatazamana. Nje mvua ilikuwa ikimwagika, na wote watatu wakaelewa kwa pamoja maji yale yanakwenda wapi, na yanakula nini.

Wakakimbia. Nakijwa alitangulia, akasimama mlangoni, akapigwa na butwaa. Darasa zima lilikuwa linavuma. Watoto wamefumba midomo, macho hayapepesi, sauti yao na ya sakafu ni moja.

"Tokeni! Acheni kila kitu!"

Hakuna aliyegeuka. Kamba ya vumbi ikadondoka kutoka darini. Nakijwa alitaka kupiga yowe, badala yake akaimba. Aliushika wimbo wa kwaya kwa sauti yake ya kwanza, juu kabisa, koo likimuuma. Pembeni yake Namsifu akaupokea. Kichwa kimoja kikainuka, kisha kingine, kisha madawati yakaanza kusukumwa na watoto wakamiminika nje huku wakilia, Mrutu na Kiangi wakiwavuta mikono.

Wa mwisho alikuwa hajafika uwanjani sakafu ilipodidimia. Haikupasuka kwa kishindo. Ilizama polepole, kama bibi anayeketi, ikayachukua madawati, ikauchukua ubao. Mvumo ukakatika.

Mvua zilipoisha, walimu wale watatu waliwapeleka wanafunzi ukingoni mwa shimo, wakafundisha pamoja. Mrutu akaeleza habari za sauti, Kiangi akawataja wachimbaji ambao wazee wa kijiji walimpa majina yao, na Nakijwa akawatungisha watoto mbolezi ya kuwalilia watu wale. Katikati ya yote mvulana mmoja akauliza, "Samahani, walimu, hiki ni kipindi cha nani?"

Walimu wakaangaliana. Namsifu, aliyekuwa amesogea karibu na ukingo kuliko wote, akawajibia.

"Shimo halisomwi na mwalimu mmoja."