Kamera za Mzee Malongo

Mhoja hakuwa na cha kujivunia ila upinde na ulimi. Siku moja alitoka kwenye msitu wa kijiji, ambako kila mtu aliruhusiwa kuwinda, akiwa na swala begani. Njiani akamkuta tajiri Malongo kasimama na mwenyekiti wa kijiji.

"Swala huyo jana alipita mbele ya kamera niliyofunga mtini," alisema Malongo. "Ni wangu."

"Lakini ana mshale wangu, mzee."

"Mshale si hoja! Mnyama akipita mbele ya kamera msituni, ni mali ya mwenye kamera. Mwenyekiti, andika!"

Mwenyekiti alimwogopa tajiri, akaandika. Mhoja akamtua swala.

"Basi nigawie japo kamera moja iliyochakaa, mzee wangu, nami nijipatie sungura."

Malongo akacheka, akampa.

Siku ya tatu Mhoja akapiga hodi kwa Malongo, kaongozana na mwenyekiti.

"Niliifunga msituni, kwenye njia ya bwawani. Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu arobaini."

"Wana chapa yangu hao!" alifoka Malongo.

"Swala naye alikuwa na mshale wangu, mzee. Mwenyekiti, hebu tusomee."