Waya Aliouchomoa Antonia

Hospitali ile ya Karatu ilikuwa na madaktari wapole, bustani safi na seva moja kuukuu, kompyuta mama ya kumbukumbu zote, iliyozimika kila umeme ulipokatika. Msimu wa mvua uliopita ilizimika na majibu ya damu ya Naisenya, mama mjamzito aliyeletwa kutoka Kakesio akiwa hoi. Ikabidi apimwe upya, na nusura aage dunia. Antonia, msimamizi wa kompyuta, aliapa kwamba jambo hilo halitajirudia.

Seva mpya zilipofika, ilibaki kuchagua mfumo wa kuzigawa. Kila seva ingekuwa kama nyumba ya kupanga, na ndani yake mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu, badala ya wapangaji. Nyumba moja ikibomoka, wapangaji wahamie ya pili bila kulala nje. Mifumo miwili ilishindania nafasi hiyo. Kiota, Antonia aliupakua mwenyewe mtandaoni. Ngao uliletwa na Isaya, wakala kutoka Arusha, mwenye suti ya kumeremeta na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Maskini kamati ya hospitali! Iligawiwa kofia, ikapelekwa kula mchana kwenye hoteli ya ukingoni mwa kreta, ikarudi imeshiba na imeshaamua.

"Binti, tia saini tu," alisema Mzee Qamara, mwenyekiti. "Ngao unasifiwa mno."

"Unasifiwa na nani, mzee, zaidi ya anayeuuza?"

Koinet, fundi mwenzake Antonia, mtoto wa wafugaji, alicheka. "Kwetu dume halinunuliwi kwa pembe. Tunauliza mama yake alivukaje kiangazi."

"Basi tuipitishe yote miwili kiangazini," Antonia akasema. "Kiangazi chetu ni umeme kukatika."

Mzee Qamara alikunja uso. "Ukituaibisha mbele ya mgeni, kazi utaitafuta kwingine."

Antonia alikubali sharti hilo. Aliogopa kupoteza kazi, lakini aliogopa zaidi kumzika mgonjwa.

Siku ya jaribio, kila mfumo ulipewa seva mbili na nakala ya kumbukumbu za wagonjwa. Isaya aliufunga Ngao kwa mikono yake, asije akasema amehujumiwa. Kamati ilijipanga ukutani. Angelina wa maabara aliketi akiingiza majibu, na Antonia akachomoa waya wa seva ya kwanza ya Kiota. Skrini ilisita. Angelina alikunywa chai yake mafunda mawili, kisha akainama tena.

"Imerudi," alisema. "Majibu yote yapo."

Ikawa zamu ya Ngao. Waya ulipochomolewa, skrini ilizimika ikabaki imezimika. Isaya alitabasamu, akabonyeza hapa na pale, akapiga simu, jasho likamtiririka.

"Uwezo wa mashine kuhamia seva ya pili upo kwenye leseni ya bei kubwa zaidi," alisema hatimaye, sauti ikiwa chini. "Hii ni ya kuanzia."

"Kwa hiyo mama anayevuja damu asubiri leseni?" Koinet aliuliza.

Mzee Qamara alimgeukia Antonia. "Na wakala wa Kiota ni nani? Mbona hatujawahi kumwona?"

"Hauna wakala, mzee."

Mzee aliomba kalamu, akatia saini ya kuuchagua Kiota palepale bila kuitisha kikao kingine. Alikwisha kujionea kwa macho yake kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.