Mwiko wa Bi Kidawa

"Aliyepotewa na macho, usimpokonye mwiko." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo shangazi yenu, alipomnyang'anya babu yenu asiyeona ufagio, nanyi mnachekeana. Haya, kaeni niwaambie msemo huu ulikotoka. Kisa chenyewe kinanifurahisha mpaka leo, na atakayenikatiza ataondoka.

Kilianzia kwa Bi Kidawa, Mzaramo wa hapa kwetu, mpishi wa pilau za harusi. Uzeeni macho yakamfifia mpaka yakazima kabisa, na daktari akasema hayatarudi. Wanawe, watoto wema wale, wakaona aibu mama kipofu aonekane motoni. Watu wangesema nini? Wakamtoa jikoni, mwiko wake mrefu wakauchomeka darini, wakamtandikia chumbani. Maji analetewa, tonge anatiwa mdomoni.

Mwanzoni alinung'unika. Baadaye akanyamaza, na hapo ndipo palipokuwa pabaya. Akawa anashinda amelala, kaelekea ukutani, nywele hataki kuchanwa, chakula hagusi. Ukimsemesha anajibu, "Niacheni, mimi nimeshakwisha." Wanawe walidhani ni uzee tu. Akakonda mpaka tukahofu tutamzika.

Ikafika harusi ya mjukuu wake. Masufuria yako mafigani, akatokea Bi Kalunde, Mnyamwezi, mtani wake tangu ujana. Mnajua mtani hanuniwi. Alipoelezwa hali ya mwenzake, akauchomoa ule mwiko darini, akajifunga khanga kiunoni, akaingia chumbani anaomboleza kama yuko msibani.

"Jamani, Mzaramo wangu kafa. Nimekuja kurithi mwiko."

Sisi tuliokuwa mlangoni tukasukumana tuone. Bi Kidawa akageuza shingo. "Nani kafa?"

"Wewe. Aliye hai, harusi ya mjukuu wake inapikwa naye kalala? Mwiko huu naondoka nao mpaka kwetu Tabora."

"Mwiko wangu hauendi Tabora, mchukuzi we."

"Basi njoo uuchukue."

Akainuka. Nawaambieni aliinuka, yule aliyekuwa hataki hata kugeuzwa. Mkono ukutani, mtani anarudi nyuma akimchokoza, naye anaifuata sauti huku anatukana, mpaka wakatokea uani penye moto. Hapo Bi Kalunde akamtia mwiko mkononi. Bi Kidawa akauzamisha sufuriani, akakoroga, akainama kunusa.

"Kitunguu hakijaiva hiki. Nani kawaambia mtie nyama?"

Wacha tupige vigelegele, mpaka bibi harusi akatoka ndani na hina yake mbichi mikononi kuja kuona. Bi Kalunde yeye alikuwa kajifunika khanga usoni, anasingizia moshi.

Pilau ile chumvi ilizidi kidogo. Tukala hivyo hivyo, hakuna aliyethubutu kusema. Na Bi Kidawa naye akala, sahani nzima, kwa mkono wake mwenyewe. Mwanawe mkubwa alipomwendea kumwomba radhi, akamjibu taratibu, "Macho aliyachukua Mungu, sikumlalamikia. Mwiko mliuchukua nyinyi."

Macho hayakurudi, lakini alipika harusi nyingi baada ya ile, mtu wa kumwangalizia moto akiwa pembeni.

Sasa nendeni mkamrudishie babu yenu ufagio wake. Akiacha taka pembeni, ziacheni. Aliyepotewa na macho, usimpokonye mwiko.