Kambare Aliyeachiwa Makombo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, na wewe unayesinzia nyuma, nakuona.

Hapo zamani za kale alikuwako Bi Salha, fundi wa pilau. Hapakuwa na shughuli mtaani asiyoitwa jikoni. Sebuleni kwake aliweka tangi la kioo lenye samaki wekundu, mikia mirefu, maringo tele. Chini mchangani akamtia kambare mdogo, mpole, mwenye masharubu.

"Huyu mfagizi wangu," akajigamba. "Mfagizi hapikiwi. Atashiba makombo."

Makombo gani? Wale wekundu walikuwa walafi! Chakula kikielea wanakigombania, hata punje haifiki chini.

Kambare akapanda juu, akavuta pumzi. "Mama, na huku chini kuna tumbo."

Bi Salha akacheka. "Fagia, mwanangu, fagia!"

Siku ya pili akapanda tena. "Mama, na huku chini kuna tumbo."

"Fagia, mwanangu, fagia!"

Siku ya tatu akapanda kwa taabu, sauti imekauka. "Mama, na huku chini kuna tumbo."

"Fagia, mwanangu, fagia!" Bi Salha akajifunga kanga, huyoo, akaenda kupika harusini.

Akapika tangu alfajiri. Akapakua, akapakua, akapakua. Alipotaka sahani yake, sufuria lilibaki ukoko mtupu.

"Aa, Bi Salha," mwenye harusi akamtania, "wewe si umeshashiba harufu?"

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, lakini ilimuuma sana. Njiani tumbo likanguruma, akasimama ghafla.

"Maskini kambare wangu!"

Akatimua mbio. Kambare alikuwa amelala ubavu. Bi Salha akasaga dagaa, akafinyanga vidonge vizito. Upande mmoja akawanyunyizia wekundu chakula chao. Walipokuwa wakisukumana, upande wa pili akadondosha vidonge, chubwi! Vikazama mpaka mchangani.

Sharubu likatikisika. Likatikisika tena. Likatikisika mara ya tatu, na kambare akala.

"Nisamehe, baba," Bi Salha akasema, machozi yanamtoka.

"Yamekwisha, mama. Ila kula peke yangu sikuzoea."

Kesho yake Bi Salha akamletea kambare wenzake, wakawa wanafukua mchanga pamoja kwa furaha. Tangu hapo Bi Salha hulisha chini kwanza. Wekundu wananuna? Wacha wanune!

Hadithi yangu imeishia hapo. Sasa mmoja wenu ainuke, akamwulize aliyetupikia leo: yeye amekula?